Fedha za Kuwasomesha Watoto Wetu: Habari za Waliotutangulia



Kila mwaka kitabu hiki hutoa hesabu ya fedha zilizoingia na zilizotoka. Mwaka huu twaomba ruhusa yenu tutoe na hesabu ya namna nyingine, ya muda wa miaka mia moja, tueleze jinsi watu wa Kisumu na pwani ya Ziwa walivyopata fedha za kuwasomesha watoto wao. Hatufanyi hivyo kwa kupenda hadithi tu. Baadhi yetu wameshauri tuuache mchango mdogo wa kila mwezi, ambao ni taabu kuukusanya, na badala yake tumtafute mfadhili mmoja mwenye nguvu atakayeubeba mzigo wote wa karo. Shauri hilo si la kupuuzwa, maana watoto walio katika orodha yetu ni wengi kuliko fedha zetu. Lakini kabla ya kuamua, yafaa tuwaulize waliotutangulia.

Mwanzo wa jambo

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na mwaka 1906 wamisionari wa C.M.S. walianzisha shule ya Maseno. Shule za misheni zilikuwa na faida, ila watu waliona upesi kwamba asiye na shule yake hana sauti juu ya mafundisho ya mtoto wake. Ndipo mwezi wa Desemba 1921 vijana waliosoma na wazee wakakutana Lundha, katika Gem, wakaunda Young Kavirondo Association. Miongoni mwa haja walizoziweka mbele ya serikali, pamoja na malalamiko ya kodi na kipande, ilikuwamo shule ya serikali. Mwaka 1923 chama hicho kiligeuzwa, kwa uongozi wa Archdeacon Owen, kikawa Kavirondo Taxpayers' Welfare Association. Hivyo neno hili la ustawi, ambalo vyama kama chetu vinalibeba, lina umri mkubwa katika nchi hii.

Kuanzia mwaka 1924 mabaraza ya wenyeji yaliwekwa katika wilaya, yakapewa ruhusa ya kutoza ushuru kwa mambo ya wilaya. Ushuru huo ulisaidia kujenga; shule ya serikali ya Kakamega, iliyofunguliwa mwaka 1932, ilitegemea fedha za baraza la Kavirondo ya Kaskazini. Lakini fedha ya ushuru hutolewa kwa amri. Mwenye kuitoa hupewa stakabadhi, wala haulizwi moyo wake. Ilibaki kazi ya kuwafundisha watu kutoa kwa hiari.

Hisa, na safari za Jaramogi

Kazi hiyo aliishika mwalimu mmoja wa Maseno, Oginga Odinga. Mwaka 1947 yeye na wenzake waliandikisha Luo Thrift and Trading Corporation. Alisafiri kwa Waluo waliokuwa kazini katika miji ya Kenya, Uganda na Tanganyika, akiwauzia hisa, mtu kwa mtu, mkutano kwa mkutano. Wengi walikuwa makarani, wafanyakazi wa reli na watumishi wa nyumbani. Fedha hizo zilisaidia kujenga Ramogi House mjini Kisumu. Faida ya biashara yenyewe haikuwa kubwa, na wenye hisa walinung'unika mara kwa mara. Hata hivyo lilipatikana jambo moja lenye thamani kuliko gawio: watu walizoea kumkabidhi mtu wao fedha yao na kudai hesabu yake.

Desturi hiyo ilionekana tena katika Luo Union, ambayo Odinga aliiongoza kwa cheo cha Ker tangu mwaka 1953. Mwaka huohuo Ambrose Ofafa, diwani wa Nairobi, aliuawa wakati wa Hali ya Hatari. Waluo walichanga kutoka kila upande wa Afrika Mashariki, ikajengwa Ofafa Memorial Hall hapa Kisumu. Tazameni namna ya mchango ule. Aliyetoa akiwa Kampala au Mombasa alijua atakaposhuka garimoshini Kisumu ataliona jengo kwa macho yake. Mchango ulikuwa na mahali, na ulikuwa na jina.

Ndege ya mwaka 1959

Elimu ya juu ilikuwa mlango mwembamba. Makerere haikuweza kuwachukua wote waliofaulu, na Royal Technical College ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 1956 tu. Mwaka 1959 Tom Mboya, ambaye kwao ni Rusinga, alizunguka Marekani akihutubia katika vyuo na mikutano, akaomba nafasi za masomo. Akisaidiana na Gikonyo Kiano na Kariuki Njiiri upande wa hapa, na rafiki yake William Scheinman upande wa huko, alifanikisha safari ya ndege moja ya kukodi iliyowachukua wanafunzi 81 mwezi wa Septemba mwaka huo.

Twawaomba mwangalie kwa makini fedha za safari ile zilivyogawanyika. Vyuo vya Marekani vilitoa nafasi za masomo. Nauli ilitafutwa na African American Students Foundation, kwa barua ya kuomba iliyotiwa sahihi na watu waliojulikana sana huko: Jackie Robinson wa mchezo wa besiboli, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier. Fungu la tatu lilitoka nyumbani. Jamaa na majirani waliuza mifugo, wakafanya karamu za chai na dansi za kiingilio, ili kijana asiende ugenini mikono mitupu. Fungu hili la tatu lilikuwa dogo kwa hesabu ya shilingi, lakini ndilo lililomfunga kijana na kwao. Aliyeondoka na fedha ya ng'ombe wa baba yake na mayai ya shangazi yake hakuweza kusema kwamba amesomeshwa na wageni.

Si kila mtu alipitia ndege ile. Barack Obama wa Alego, baba wa rais wa Marekani wa baadaye, alikwenda chuo kikuu cha Hawaii mwaka huohuo wa 1959 kwa njia nyingine, akisaidiwa na Elizabeth Mooney, mwalimu Mmarekani aliyekuwa akifundisha watu wazima Nairobi. Wafadhili wa namna hiyo hawapatikani kwa tangazo. Hupatikana kwa kazi ambayo mtu ameiona mwenyewe.

Mwaka 1960 wanafunzi walikuwa wengi zaidi, na nauli haikutosha. Serikali ya Marekani iliombwa, ikakataa. Mwezi wa Julai Mboya alimwendea Seneta John Kennedy, na wakfu wa jamaa yake ukatoa dola 100,000. Habari ilipojulikana, serikali iliyokataa jana ilijitokeza na ahadi ya kiasi hichohicho, kwa kuwa mwaka ule ulikuwa wa uchaguzi, na Makamu wa Rais Nixon alikuwa akishindana na Kennedy. Karibu wanafunzi 300 wakasafiri, akiwamo Wangari Maathai, aliyepata Tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2004. Hadi mwaka 1963 waliosafirishwa kwa mpango huu walikaribia 800. Hatuna neno ila shukrani. Lakini hapo pana fundisho: mfadhili mkubwa ana haja zake, na haja hizo zaweza kuisha siku ya uchaguzi wake, si siku ambayo mtoto wetu amemaliza masomo.

Odinga naye alifungua milango mingine. Alikuwa amezuru India mwaka 1953, na tangu mwaka 1960 alipata nafasi za masomo katika China, Urusi na nchi za Ulaya ya Mashariki. Vijana wengi wa kando ya Ziwa walipata elimu ambayo wasingeipata. Lakini fedha ile nayo ilikuwa na rangi ya ugomvi wa mataifa, na baadhi ya waliorudi walitazamwa kwa shaka kwa sababu ya mahali waliposoma. Magharibi na Mashariki zilitoa kwa sababu zao. Fedha ya kijijini peke yake ndiyo iliyotolewa kwa ajili ya mtoto na si kwa ajili ya jambo jingine.

Harambee, na baada yake

Baada ya Uhuru wito wa Harambee ulijenga shule nyingi, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 watu wa Nyanza walichanga kwa ajili ya Ramogi Institute of Advanced Technology, iliyo hapa Kisumu hata leo. Kisha mwaka 1980 vyama vya makabila vilipigwa marufuku, na Luo Union ikavunjwa. Tangu hapo mchango ulihamia mikononi mwa wakubwa. Mgeni wa heshima alifika na bahasha, jina lake likasomwa kwa kipaza sauti, na mama mwenye shilingi kumi akaona haya kusimama. Mwaka 2003 sheria ya maadili iliwawekea watumishi wa umma mipaka katika kuchangisha watu. Mwaka huohuo ulianzishwa mfuko wa maendeleo ya majimbo, ambao umelipa karo za wengi. Twaushukuru, lakini nao hutegemea siasa.

Shauri letu

Basi tujibu lile swali. Habari hizi hazisemi tumkatae mfadhili mkubwa. Bila nauli ya wageni ndege isingeruka. Zasema asiwe peke yake, wala asitangulie. Mboya alikwenda kuomba akiwa na watu waliokwisha kuuza ng'ombe zao. Mwenye kuombwa hutazama kwanza kama mwombaji naye ametoa.

Kwa hiyo twashauri mambo matatu. Kwanza, mchango wa kila mwezi uendelee, hata ukiwa mdogo, na sasa ambapo fedha hutumwa kwa simu, taabu ya kuukusanya imepungua; haba na haba hujaza kibaba. Pili, mfadhili mkubwa akipatikana, aombwe kulipa fungu lililotajwa na kwa muda uliotajwa, ili akiondoka tusibaki na watoto katikati ya njia.

La tatu ni ungamo. Sisi wa halmashauri tumekuwa hodari wa kuomba na wavivu wa kurudisha habari. Wako wanachama waliomchangia mtoto miaka minne, na hawakuambiwa na mtu kwamba amefaulu. Wamesikia kwa jirani, au hawakusikia kabisa. Jaramogi alidaiwa hesabu kwa sababu aliwazoesha watu kuidai. Sisi tumewazoesha kunyamaza. Kuanzia mwaka huu kila mwanafunzi anayesaidiwa ataandika barua kila muhula, nayo itasomwa mkutanoni. Muuza samaki wa Dunga aliyetoa shilingi hamsini ataisikia sawasawa na mwenye duka aliyetoa elfu hamsini.

Kutoa ni moyo, usiseme ni utajiri. Moyo wanao wanachama wetu. Sisi tunaoshika daftari ndio tunaodaiwa.

Twabaki watumishi wenu.