Umri wa Kuingia Utawani: Hoja Dhidi ya Ukomo wa Juu

Kanuni ya 643 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inawataja watu ambao wakipokelewa unovisi, yaani kipindi cha malezi kabla ya nadhiri, mapokezi yao ni batili. Yumo ambaye hajatimiza miaka 17. Yumo mwenye mume au mke, maadamu ndoa ingalipo. Wamo waliofungwa bado na nadhiri za shirika jingine, wanaoingia kwa kulazimishwa, kwa hofu kubwa au kwa hila, na walioficha kwamba waliwahi kuwa watawa kwingine. Mwenye miaka 40 au 50 hayumo. Ukitaka kumkuta amezuiwa, sharti uiache sheria ya Kanisa zima na ufungue katiba ya shirika mojamoja, au usome vipeperushi vya Jumapili ya Mchungaji Mwema, siku ambayo Kanisa limekuwa likiombea miito tangu 1964. Huko ndiko mashirika mengi ya kwetu Afrika Mashariki yanakoweka umri wa mwisho wa kuomba.

Jambo hilo ni halali. Aya ya pili ya kanuni hiyohiyo inaliruhusu shirika kuweka vizuizi vyake lenyewe, na sitaki kujenga hoja kwa kujifanya sikuiona. Ninachopinga ni kuutumia umri kana kwamba ni kipimo cha wito, ilhali kazi yake halisi ni kuipunguzia nyumba usumbufu. Mwanamke wa miaka 42, muuguzi au mwalimu, anapoandika barua ya kuomba na kujibiwa kwa mistari miwili kwamba amepita umri, hakuna aliyempima. Imesomwa tarehe yake ya kuzaliwa tu.

Wakuu wa mashirika wana sababu zao, na iliyo maarufu zaidi hubebwa na methali: samaki mkunje angali mbichi. Mtu mzima, wanasema, amekwisha kukauka. Ana mazoea ya kupanga siku yake, kushika fedha zake, kufunga mlango wa chumba chake. Atamtiije mlezi wa wanovisi aliye mdogo kwake kwa miaka kumi? Ugumu huo upo, na nyumba zilizopokea watu wazima zinaujua. Hata hivyo methali yenyewe ina walakini inapohamishiwa kwenye nadhiri. Kanuni ya 656 inadai nadhiri itolewe pasipo shuruti, hofu wala hila, maana yake itolewe na mtu anayejua anachokiacha. Binti wa miaka 20 huahidi kuacha mshahara ambao hajawahi kuupokea na nyumba ambayo hajawahi kuwa na ufunguo wake. Ahadi yake ni ya kweli na Kanisa linaipokea, lakini si rahisi kusema kwamba ni thabiti kuliko ya yule aliyekwisha kuvionja vyote hivyo akavikabidhi.

Mfano wa Edith Stein unafaa kuangaliwa kwa utulivu, kwa kuwa mtakatifu huyu husifiwa zaidi kwa kifo chake kuliko kwa namna alivyoingia utawani. Alizaliwa Breslau mwaka 1891 katika familia ya Kiyahudi, akapata udaktari wa falsafa chini ya Edmund Husserl mwaka 1916, akabatizwa Januari 1922. Tangu ubatizo alitaka kuingia utawa wa Karmeli. Washauri wake wa kiroho walimzuia: waliona kazi yake ya kufundisha na kutoa mihadhara ina faida kubwa kwa Kanisa nje ya ukuta, na kulikuwa pia na mama yake mzazi, mjane, ambaye ubatizo wenyewe ulikuwa umekwisha kumuumiza. Stein alifundisha kwa masista Wadominiko wa Speyer hadi 1931, kisha Münster. Mwaka 1933 sheria za Wanazi dhidi ya Wayahudi zilimfungia mlango wa kufundisha. Oktoba mwaka huohuo, akiwa ametimiza miaka 42 siku mbili tu zilizotangulia, aliingia Karmeli ya Köln.

Hebu mtu wa kamati ya miito atazame hati hizo leo. Mwombaji ana miaka 42, amepoteza kazi mwaka huuhuu, nchi yake inamtenga, hana mume. Si vigumu kukisia uamuzi: anakimbia maisha. Na uamuzi huo ungekuwa wa makosa, kwa sababu ungesoma mwaka mmoja na kuiacha miaka 11 aliyoomba na kungoja kwa utii. Mwombaji wa makamo, tofauti na kijana, ana historia inayoweza kuchunguzwa: aliitumiaje fedha yake, aliishije na mkuu wa kazi asiyempenda, aliuguza nani, alidumu parokiani alipohamishwa wilaya ya mbali au aliacha. Kijana wa kidato cha sita huja na barua ya paroko. Nashangaa kwamba ushahidi mwingi zaidi unahesabiwa kuwa kasoro.

Köln hawakumpokea Stein kwa kumfanya wa miaka 20. Wanovisi wenzake walikuwa wadogo mno kwake, na ushonaji na kazi za nyumbani zilimshinda. Alijifunza hivyo hivyo. Lakini wakuu wake pia walimrudisha kwenye kalamu, na mwaka 1936 alikamilisha ndani ya Karmeli kitabu chake kikubwa cha falsafa. Nyumba ilimnyoosha, nayo ikajinyoosha kidogo.

Historia ina nyumba iliyokwenda mbali zaidi ya hapo. Mwaka 1610 huko Annecy, Jeanne de Chantal, mjane wa miaka 38, pamoja na Askofu François de Sales, walianzisha shirika la Ziara ya Bikira Maria wakiwafikiria waziwazi wanawake ambao ujane, umri au afya dhaifu iliwafungia mashirika yenye ukali wa mwili. Mfungo ulipunguzwa, sala ikawekewa kiasi ambacho mtu asiye na nguvu anakiweza. Chantal alipofariki mwaka 1641 shirika lilikuwa na nyumba zaidi ya 80. Hofu ya kwamba nyumba inayopokea watu wazima hufa nao haina msaada wowote katika mfano huu.

Hoja iliyo nzito kuliko ya malezi, kwa maoni yangu, ni ya wategemezi. Hapa historia haitusaidii sana; pengine inatuonya. Marie Guyart wa Tours, mjane, aliingia kwa Waursula Januari 1631 akimwacha mwanawe Claude, mwenye miaka 11, kwa dada yake. Mtoto alikwenda mlangoni mwa konventi na wanafunzi wenzake kumdai mama yake. Marie alikuwa mmisionari mkubwa wa Québec, Claude akawa Mbenediktini na mwandishi wa maisha ya mama yake, na Papa Fransisko akamtangaza Marie mtakatifu mwaka 2014. Bado sioni kwamba mzazi yeyote wa leo anapaswa kumwiga Marie. Mtoto asiyejitegemea ni sababu tosha ya kumwambia mama angoje, hata kama mama huyo ana miaka 25.

Kwetu wategemezi si watoto peke yao. Mtu aliyefanya kazi miaka 15 huwa amebeba ada ya wadogo zake, dawa za wazazi, na zamu yake katika misiba ya ukoo. Ana mkopo wa benki au wa SACCOS. Pengine hajamaliza wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu. Kanuni ya 644 inakataza kumpokea unovisi mwenye deni asiloweza kulilipa, na ni kanuni ya haki: deni likibaki, analirithi shirika au mdhamini. Kiwanja na nyumba havina tatizo kubwa kama inavyodhaniwa. Kanuni ya 668 inamtaka akabidhi usimamizi wa mali yake kwa mtu mwingine kabla ya nadhiri za kwanza, na aandike wosia kabla ya zile za daima. Yote hayo yanaulizika na kujibika. Anadaiwa kiasi gani, na nani, hadi lini? Nani atamtunza baba? Umri hauulizi lolote kati ya hayo. Unafunga faili tu.

Kuhusu uzee na gharama zake, hesabu si ya kutisha. Unovisi ni miezi 12 walau, nadhiri za muda ni miaka mitatu hadi sita. Aliyeingia na miaka 40 anaweza kuweka nadhiri za daima kabla ya 50, na mtumishi wa umma Tanzania hustaafu kwa lazima akiwa na 60. Aliyechangia mfuko wa hifadhi ya jamii hata huja na stahili ambayo msichana hana.

Kuna upungufu mmoja wa sheria yenyewe. Kanuni ya 233 inawataka mapadre na hasa maaskofu wawasaidie kwa busara wanaume wa umri mkubwa wanaojiona wameitwa kwenye daraja takatifu, na Roma ina Chuo cha Beda, kilichoanza 1852, ambacho leo huwaandaa wanaume wa aina hiyo. Katika kanuni za watawa hakuna sentensi inayolingana na hiyo kwa dada zao. Anayechelewa akiwa mwanamke hutegemea huruma ya mama mkuu.

Basi mashirika yanapokwenda kwenye mkutano mkuu na kupitia katiba zao, yabaki na umri wa kawaida yakitaka, lakini yaongeze kifungu kinachompa mkuu wa shirika na baraza lake mamlaka ya kuuondoa kwa mtu mmoja mmoja, baada ya mahojiano ya ana kwa ana na kipindi cha kusindikizwa akiwa bado kazini kwake, akimaliza madeni na kupanga matunzo ya wazazi. Na anayekataliwa aandikiwe sababu inayomhusu yeye.