Boksi la tambi lililojiita msaidizi wa nyama

Mgeni akibisha hodi jioni bila taarifa, mama mwenye nyumba hakimbilii buchani. Anaongeza maji kwenye mchuzi, anatupia viazi vitatu vinne, na kitoweo cha watu wanne kinawafikia saba. Wamarekani nao wanaijua hila hiyo, ila wao wamefungiwa kwenye boksi na kuuziwa dukani.

Boksi hilo ni Hamburger Helper, yaani msaidizi wa hamburger. Msomaji asiufikirie mkate: kwa Mmarekani, hamburger ni pia nyama mbichi ya ng'ombe iliyosagwa. Kampuni ya General Mills ya Minneapolis ililipeleka kwanza majimbo ya pwani ya magharibi mwishoni mwa 1970, na mwaka uliofuata likaenea nchi nzima. Ladha zilikuwa tano.

Ndani mna tambi kavu au kitu cha jamii hiyo, pamoja na kipakiti cha unga wa viungo, chumvi ikiwa nyingi. Nyama unakuja nayo mwenyewe: pauni moja, pungufu kidogo ya nusu kilo. Unaikaanga mpaka iwe ya kahawia, unamwaga mafuta yake, kisha maji, maziwa, tambi na ule unga vyote vinaingia kwenye kikaango hichohicho. Funika, punguza moto. Ufundi wote uko hapo: kwa kuwa tambi hazichemshwi kando na maji yake kumwagwa, wanga unabaki humo humo na kuufanya mchuzi uwe mzito. Familia inakula, na chombo cha kuosha ni kimoja. Aliyewahi kurudi kazini saa moja usiku akakuta watoto wanalia njaa hatalicheka boksi hili.

Bahati nayo ilikuwa upande wa General Mills. Bei ya nyama ilipanda mno hata Rais Nixon akaiwekea kikomo Machi 1973, na wiki ya kwanza ya Aprili akina mama nchi nzima wakaisusia bucha. Katika hali hiyo, kitu cha kuifanya nusu kilo ionekane kilo hakikuhitaji kupigiwa debe.

Hata hivyo debe lilipigwa. Boksi lilibeba jina la Betty Crocker, mpishi ambaye hajawahi kuzaliwa. Alibuniwa mwaka 1921 na kampuni ya unga ya Washburn-Crosby, ili ajibu barua za wateja. Mwaka 1977 ikaja nembo yake: mkono wa glovu nyeupe wenye vidole vinne na uso kiganjani. Na kwenye filamu ya vichekesho ya 1983, *National Lampoon's Vacation*, jamaa mmoja fukara anailisha familia boksi hilo bila nyama, tena anashangaa kwa nini limepewa jina la hamburger.

Kwa maoni yangu, huyo jamaa ndiye aliyeielewa biashara hii. Washburn-Crosby ndiyo iliyokuja kuzaa General Mills mwaka 1928, na kazi yao ya asili ni kusaga ngano. Walichokuwa wakiuza ni ngano, kwa jina la ng'ombe.

Mwaka 2013 neno hamburger liliondolewa, likabaki Helper peke yake. Mwaka 2022 General Mills ikaiuza chapa hiyo kwa kampuni ya Eagle. Nyama, kama zamani, unajinunulia mwenyewe.