Zamu, Viranja na Baraza: Malezi ya Wavulana Shuleni Starehe

Kituo cha Wavulana cha Starehe kilianzishwa Nairobi mnamo Novemba 1959, kikiwa na mabanda mawili tu ya mabati. Waanzilishi walikuwa watatu: Geoffrey Griffin, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu. Wavulana wa mwanzo hawakuja kutafuta cheti. Walikuwa watoto wa mitaani, wengi wao wakiwa wamepoteza wazazi au makao katika Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka wa 1952 dhidi ya vuguvugu la Mau Mau. Msako mkubwa wa Aprili 1954 ulikuwa umezoa maelfu kwa maelfu ya watu jijini na kuwapeleka vizuizini, na watoto wakabaki bila mtu wa kuwauliza wamekula nini.

Malezi ya Starehe yalichipuka Wamumu, huko Mwea. Griffin, mzaliwa wa Eldoret, alikuwa ameacha jeshi akaenda kufanya kazi na vijana waliozuiliwa kambini Manyani. Katikati ya miaka ya 1950 vijana hao walihamishiwa Wamumu, wakafundishwa kusoma, useremala na uashi, wakacheza kandanda. Isisahaulike kwamba Wamumu ilikuwa kambi ya serikali ya kikoloni, na shabaha yake ya kwanza ilikuwa kuwatenga vijana na Mau Mau. Hata hivyo Griffin aliondoka na funzo alilolishika maisha yake yote: mvulana aliyekabidhiwa kazi ya maana na kuaminiwa hubadilika upesi kuliko anayelindwa kwa bunduki. Funzo hilo ndilo alilolipeleka pia katika Huduma ya Vijana kwa Taifa, aliyoiongoza tangu 1964 hadi 1988 huku akiendelea kuwa mkurugenzi wa Starehe.

Starehe ilipokua na kuwa shule ya sekondari ilikuta nchini desturi za bweni zilizokwisha kukomaa. Shule ya Alliance, iliyofunguliwa Kikuyu mwaka wa 1926, ilizijenga hasa chini ya Carey Francis, mkuu wake kuanzia 1940 hadi 1962. Kengele ya alfajiri, kitanda kilichotandikwa bila kunjo, zamu ya kupiga deki na ya kufyeka nyasi, kisha masomo ya jioni ambayo hakuna aliyeruhusiwa kunong'ona: hayo yote yalirudiwa siku baada ya siku mpaka mvulana akayafanya bila kuambiwa. Msimamizi wa mambo hayo alikuwa kiranja, mwanafunzi aliyeteuliwa na walimu. Udhaifu wa mpango huo ulikuwa hapo hapo. Kiranja mwema alikuwa kaka. Kiranja mkali aligeuka mnyapara, na katika shule nyingi wanafunzi wa kidato cha kwanza, wale mamono, wakavuliwa utu wao kwa kufulishwa nguo za wakubwa na kunyang'anywa chakula.

Starehe haikufuta viranja wala zamu. Iliongeza baraza, na pengine hakuna jambo kubwa kuliko hilo katika historia yake. Shule nzima ilikutana mara kwa mara, na mvulana yeyote, hata wa kidato cha kwanza, aliweza kutoa swali au lalamiko mbele ya mkurugenzi: maharagwe yasiyoiva, adhabu isiyo ya haki, blanketi lililopotea. Jibu lilitolewa hadharani. Kwa njia hiyo wavulana walijizoeza jambo gumu kwa umri wao, kusema walichokasirikia kwa maneno badala ya mawe. Tabia ya kutumikia wengine nayo ilikuzwa kwa vitendo, maana wanafunzi walipelekwa kufanya kazi ya kujitolea hospitalini na katika ofisi za umma. Mwana wa tajiri aliyelipa karo na yatima aliyesomeshwa bure walishika fagio moja, chini ya wito mmoja wa shule, "Natulenge Juu".

Thamani ya baraza ilionekana wazi zaidi pale lilipokosekana. Miaka ya 1990 migomo na moto viliziandama shule za Kenya. Mwaka wa 1999 viranja wanne waliuawa kwa moto katika Shule ya Upili ya Nyeri, na Machi 2001 wavulana 67 waliteketea bwenini Kyanguli, Machakos. Mwaka huo huo serikali ilipiga marufuku kiboko shuleni, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakazia katazo hilo. Walimu waliozoea fimbo walihitaji chombo kingine, nao ushauri nasaha ukapewa nafasi. Baadaye shule nyingi zilianza kuwaacha wanafunzi wachague viongozi wao kwa kura, na mwaka wa 2009 likaundwa baraza la wanafunzi wa shule za sekondari la taifa zima.

Griffin alifariki Juni 2005, bado akiwa mkurugenzi wa Starehe. Mwaka huo shule hiyo ilipata shule dada ya wasichana.