KANISA LA MASHAHIDI PALE MURANG'A



Leo tutoke kidogo. Panda matatu pale Thika, pita Kenol, pita Maragua, shuka Murang'a mjini. Ulizia Kanisa Kuu la Mtakatifu Yakobo na Mashahidi Wote. Ni la ndugu zetu Waanglikana, lakini kuta zake zina neno kwako na kwangu.

Anza na jina. Kwa nini Mashahidi Wote? Oktoba 1952 serikali ya mkoloni ilitangaza hali ya hatari. Mau Mau walikuwa wakipigania ardhi na uhuru, na watu wakalishwa kiapo usiku. Wako Wakristo, hasa wale wa uamsho, waliokataa. Walisema wamekwisha kunywa kikombe cha Bwana, hawawezi kuongeza kingine. Baadhi yao walikataa pia bunduki ya serikali. Wakachukiwa pande zote mbili, na wengine wakauawa.

Kanisa hili ni ukumbusho wao. Mei 1955, Geoffrey Fisher, Askofu Mkuu wa Canterbury, aliweka jiwe la msingi. Vita vilikuwa havijaisha! Watu walikuwa wamehamishiwa kwa nguvu katika vijiji vilivyozungushiwa mitaro. Wakati huo ndio waumini waliamua kujenga.

Sasa ingia ndani, utazame ukutani. Kuna michoro mitano mikubwa: kuzaliwa kwa Yesu, ubatizo, Karamu ya Mwisho, Gethsemane, na msalaba. Aliichora Elimo Njau, kijana wa Marangu, Tanzania, aliyesomea Makerere, mwishoni mwa miaka ya 1950. Yesu wake ni Mwafrika. Milima ni ya huku kwetu, na watu wanafanana na shosho yako na guka yako. Wewe uliyezoea Yesu wa kalenda mwenye nywele za dhahabu, hapo utasimama kimya.

Kwa nini nakwambia haya? Juzi baada ya ibada, wawili wetu walirushiana maneno hapo nje kwa sababu ya babu zao. Mmoja babu yake alikuwa msituni. Mwingine babu yake alikuwa homgadi. Miaka 70 imepita, na bado mmoja hampi mwenzake mkono!

Mpendwa, sikuambii usahau. Mkoloni alinyonga Waafrika zaidi ya 1,000 wakati ule. Hiyo ni kweli. Na wako waliouawa kwa kukataa kiapo. Hiyo pia ni kweli. Usichague kilio kimoja na kukidharau kingine.

Lakini angalia: wale waliofiwa hawakuchora ukutani jinsi wapendwa wao walivyouawa. Walitaka mtoto wao akiinua macho amwone Yesu, si adui wa baba yake. Soma Waefeso 2:14. Ukuta wa kwetu Murang'a unabeba sura ya Yule aliyebomoa ukuta wa uadui.

Kazi ya wiki hii: kuna mtu ambaye jina la ukoo wake likitajwa moyo wako hufunga. Mpigie simu kabla ya Jumapili. Usianze na historia. Anza na salamu.

Baba, ponya vidonda tulivyorithi. Tufundishe kukumbuka bila kuchukia. Kwa jina la Yesu.

Kama umepokea, andika AMINA, kisha upige hiyo simu.

Mchungaji wako.