Kipokezi: Homoni Moja, Majibu Mawili

Mtu akishtuliwa na nyoka, tezi zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini kwenye damu, na damu huisambaza mwili mzima. Mishipa midogo ya ngozi hubana. Wakati huohuo njia za hewa mapafuni hupanuka. Misuli ya sehemu hizo mbili ni ya aina moja, na homoni iliyoifikia ni ileile. Kinachotofautiana ni vipokezi.

Kipokezi ni protini ya seli ambayo umbo lake hunasa kemikali fulani na kuziacha nyingine zipite. Mwaka 1905 John Newport Langley, wa Cambridge, aliona kwamba nikotini hukaza msuli hata neva yake ikiwa imekatwa na kufa, na kwamba sumu ya kurare huzuia mkazo huo. Akasema msuli wenyewe una dutu ya kupokea. Mwaka 1948 Raymond Ahlquist akapendekeza kwamba adrenalini ina vipokezi vya aina mbili, alfa na beta. Mishipa ya ngozi ina alfa kwa wingi, njia za hewa zina beta.

Neno pokea huleta haraka picha ya mgeni anayepokewa mzigo, na mzigo ukaingizwa ndani. Hapa picha hiyo inapotosha. Adrenalini haivuki utando wa seli. Hukishika kipokezi upande wa nje, kipokezi kikabadili umbo, na kwa ndani protini nyingine zikapokezana habari. Ikiwa ni alfa ya mishipa, kalsiamu huongezeka ndani ya seli na msuli hukaza. Ikiwa ni beta ya njia za hewa, huzalishwa kemikali iitwayo saikliki AMP na msuli hulegea. (Estrojeni na testosteroni ni kisa kingine: hizo hupenya utando na kukuta vipokezi vyake ndani.) Maana inayofaa zaidi ni ile ya kipokeo cha wimbo: mmoja anaanzisha, wengine wanapokea kwa maneno yao wenyewe. Kwa sababu hiyo nalitetea neno kipokezi dhidi ya wanaotaka tukope "risepta". Kupokea kwa Kiswahili ni pamoja na kuitika.

Mwenye pumu hunufaika na tofauti hizi kila anapovuta salbutamoli. Beta nazo zina aina zake: moyo hutegemea zaidi beta 1, njia za hewa beta 2, na dawa hiyo hulenga hasa beta 2. Mikono ikitetemeka baada ya kuivuta, ni kwa kuwa misuli ya mifupa nayo ina beta 2. Propranololi, inayotumika kwa shinikizo la damu, huziba aina zote mbili, basi inaweza kumbana pumzi mgonjwa huyohuyo na kuidhoofisha salbutamoli anayoitegemea. Mwenye pumu amtajie daktari ugonjwa wake kabla hajaandikiwa dawa ya presha.