Ufumuaji: Istilahi ya Kupasuliwa Tena Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito

Ufumuaji ni upasuaji anaofanyiwa mtu ambaye tumbo lake la chakula au utumbo wake ulikwisha kupasuliwa ili apunguze uzito, na ambaye sasa kazi ile ya kwanza inahitaji kubadilishwa, kutengenezwa au kuondolewa. Katika maandishi ya Kiswahili jambo hilohilo huitwa upasuaji wa marudio, upasuaji wa marekebisho, upasuaji rejeshi na, kwa wafasiri wasiopita mstari wa kwanza wa kamusi, upasuaji wa udurusu. Jambo moja likiwa na majina manne, ni wazi kwamba hakuna hata moja lililokaa.

Mipaka ya dhana hii ni finyu kuliko inavyodhaniwa. Puto linalowekwa tumboni kwa miezi kadhaa na kutolewa, huduma ambayo Watanzania wengi wameisikia kwa mara ya kwanza kupitia Hospitali ya Taifa Muhimbili Mloganzila, halimo. Hakuna kilichokatwa wala kushonwa, kwa hiyo hakuna cha kufumua. Hatua ya pili iliyopangwa tangu mwanzo nayo haimo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, daktari Michel Gagner na wenzake wa New York walianza kuwapasua watu wazito mno kwa awamu mbili: kwanza kupunguza tumbo la chakula, kisha, uzito ukishashuka kiasi, kugeuza njia ya utumbo. Awamu ya pili ya mpango huo ni mwendelezo wa kazi ileile. Baadaye ilionekana kwamba wagonjwa wengi walitosheka na awamu ya kwanza, nayo ikawa upasuaji kamili unaojitegemea.

Haja ya jina imetokana na historia ya fani yenyewe. Mwaka 1954, Kremen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota walieleza njia ya kuunganisha mwanzo na mwisho wa utumbo mwembamba, sehemu kubwa ya katikati ikaachwa nje ya njia ya chakula. Uzito ulishuka kweli, lakini yalifuata maradhi ya ini, mawe ya figo na upungufu wa madini mwilini, na wagonjwa wengi iliwabidi warudi kwenye meza ya upasuaji ili utumbo uunganishwe kama zamani. Mwaka 1966, Edward Mason na Chikashi Ito wa Chuo Kikuu cha Iowa walianzisha mchepuko wa tumbo, ambao leo huacha kifuko kidogo cha mililita 30 hivi kilichounganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba. Mkanda wa silikoni unaolibana tumbo kwa juu uliidhinishwa Marekani mwaka 2001. Ulipendwa kwa kuwa haukati kiungo chochote, kisha ukaanza kutolewa kwa wingi: kwa baadhi ya watu uliteleza, kwa wengine ulikula ukuta wa tumbo, na kwa wengine uzito haukushuka inavyotakiwa. Upasuaji unaoongoza sasa duniani ni ule wa kupunguza tumbo la chakula, ambapo takriban robo tatu au zaidi ya tumbo hukatwa na kutolewa, kikabaki kifuko chembamba chenye umbo la ndizi. Huo nao una deni lake, hasa kiungulia kikali na uzito unaorejea. Chama cha madaktari wa fani hii nchini Marekani kilikadiria kwamba mwaka 2018 upasuaji wa kupunguza uzito ulifanyika huko mara 252,000 hivi, na asilimia 15 au zaidi kidogo ilikuwa kwa watu waliokwisha kupasuliwa. Kwa hesabu hiyo, jina la jambo hili si pambo la kamusi.

Wataalamu hugawa kazi hii mafungu matatu. La kwanza ni kubadili aina: mkanda unatolewa na mchepuko unawekwa, au tumbo lililopunguzwa linageuzwa kuwa mchepuko kwa sababu ya kiungulia. La pili ni kutengeneza: aina ya upasuaji inabaki ileile, ila kasoro yake inashughulikiwa, kama vile kiungio cha kifuko na utumbo kilichosinyaa, kidonda kisichopona kwenye kiungio, au tundu lililojitokeza kati ya kifuko kipya na tumbo la zamani. La tatu ni kurejesha hali ya awali, linalofanywa kwa nadra, mathalani mwili unaposhindwa kabisa kufyonza chakula. Istilahi yoyote itakayopendekezwa lazima iyafunike mafungu yote matatu. Kipimo hiki ni chepesi, lakini majina yanayosambaa yameshindwa kukifikia.

Lianze jina la marudio, kwa kuwa ndilo linalopenda kujitokeza kwenye orodha za kamati za istilahi. Kurudia ni kufanya jambo lilelile mara nyingine. Kipindi cha marudio redioni ni kipindi kilekile. Uchaguzi wa marudio huwarudisha wapigakura kwenye kiti kilekile. Mtu aliyetolewa mkanda akawekewa mchepuko hakurudia chochote. Asili ya neno haisaidii pia. Rudi limetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kurejesha, na Kiswahili kikaliongezea maana ya kuadibu: kumrudi mtoto ni kumwadhibu ili anyooke. Kwa maana zote mbili mgonjwa hubebeshwa hatia, kama mwanafunzi aliyefeli akaambiwa arudie mtihani. Tiba haimhukumu hivyo. Unene uliokithiri ni ugonjwa wa kudumu, mwili hupambana kurudisha uzito uliopotea, na kuongezeka kiasi fulani baada ya kufika chini kabisa ni jambo la kawaida hata kwa anayefuata masharti. Mkanda ulioteleza si kosa la aliyeuvaa. Istilahi inayomfanya mtu aone aibu kurudi kliniki ina madhara, na inashangaza kwamba jambo lililo wazi kiasi hiki halikuwashughulisha waliolipitisha jina hilo.

Udurusu unahitaji maneno machache zaidi. Neno la Kiingereza linalofasiriwa, revision, limetokana na Kilatini na maana yake ya kale ni kutazama tena. Kwa kuwa wachapishaji hudurusu vitabu na wanafunzi wa Kenya hudurusu masomo, mtu fulani aliona madaktari nao wadurusu matumbo. Durusu ni ndugu wa darasa na madrasa. Mzizi wake ni wa kusoma. Hakuna aliyewahi kulazwa ili asomwe.

Upasuaji rejeshi una kosa zito kuliko hayo, kwa sababu unatoa ahadi. Rejesha ni kurudisha kitu kilikokuwa, na hilo ni fungu la tatu peke yake, tena lililo adimu. Aliyepunguzwa tumbo hawezi kurejeshewa kilichokatwa, kwa kuwa kilitolewa mwilini siku ileile. Kumwandikia upasuaji rejeshi kwenye fomu ya ridhaa ni kumdanganya kwa mnyambuliko wa kitenzi.

Marekebisho ndiyo yenye watetezi wenye hoja, nao wanastahili kujibiwa kwa heshima hata kama wao hawana desturi hiyo. Rekebisha limejengwa juu ya mzizi wa Kiarabu r-k-b, ambao katika baadhi ya maumbo yake una maana ya kuunganisha na kupachika vipande, na maana hiyo inakaribia kazi ya mpasuaji. Tatizo ni kwamba matumizi ya leo yamelihamisha. Marekebisho ya sheria, ya bajeti na ya ratiba yote yanadokeza mabadiliko madogo kwenye kitu kinachobaki kilekile. Jina hilo lafaa kwa fungu la pili. Kwa fungu la kwanza, ambapo mpangilio mzima wa njia ya chakula unabadilishwa, linapunguza uzito wa jambo. Upasuaji huu kwa kawaida una hatari kubwa kuliko ule wa kwanza: viungo huwa vimeshikamana kwa makovu, baadhi ya mishipa ya damu imekwisha kukatwa, na uwezekano wa mshono kuvuja huongezeka. Mara nyingine mkanda hutolewa kwanza, tumbo likaachwa lipone kwa miezi kadhaa, ndipo kazi ya pili ifuate. Anayeambiwa atafanyiwa marekebisho hatarajii hayo.

Limebaki neno fumua. Fuma ni kusuka nyuzi ziwe kitambaa. Kikipachikwa kiambishi -u- (au -o-), kitenzi huingia katika kauli ya kutendua: funga huwa fungua, ziba huwa zibua, kunja huwa kunjua, tega huwa tegua, na chomeka huwa chomoa. Kauli hii ni mali ya kale ya lugha za Kibantu, na kazi yake ni kusema kwa silabi moja kwamba kilichokuwa kimefanywa kinaondolewa ufanywaji wake. Pasua lenyewe lina sura hiyohiyo, pamoja na rarua na bandua, ingawa shina lake halisimami tena peke yake kwa maana hiyo. Kwa hiyo pasua na fumua ni ndugu wa umbo, na nomino zake hufuatana bila kulazimishwa: pasua, upasuaji, fumua, ufumuaji. Hakuna kiambishi cha kuazima wala neno la kuunganishwa kwa gundi, kama zile nomino ambatani zinazotoka vikaoni zikiwa zimechoka kabla ya kutumika.

Ubora wa fumua hauishii kwenye sarufi. Fundi cherehani hafumui gauni ili aliache vipande vipande. Hufumua mshono ili kulibana, kulipanua au kulikata mtindo mwingine. Kwenye gereji, injini hufumuliwa ili ifungwe upya, na magazeti huandika kwamba baraza la mawaziri limefumuliwa siku lilipopangwa upya. Katika matumizi yote hayo yamo mambo matatu: kazi ya awali ipo, inafunguliwa kwa makusudi, na kinachofuata ni uamuzi wa fundi. Uamuzi huo ndio unaozaa mafungu matatu ya wataalamu: kufumua na kubadili, kufumua na kutengeneza, kufumua na kurejesha. Jina moja limebeba yote bila kumlaumu mgonjwa wala kumwahidi kisichowezekana.

Pingamizi zilizotolewa dhidi ya istilahi hii zinajulikana, na nyingi zimetolewa na watu ambao hawakuleta jina mbadala. Inasemwa kwamba mshono uliofumuka ni balaa la hospitalini, hivyo mgonjwa ataogopa. Fumuka ni kauli ya kutendeka, jambo linalojitokea lenyewe. Fumua lina mtenda mwenye makusudi. Asiyetofautisha mlango uliofunguka na mlango uliofunguliwa hana sababu ya kuketi kwenye kikao cha istilahi. Inasemwa pia kwamba mfumuko wa bei utawachekesha watu wanaozungumzia uzito ulioongezeka. Mfumuko nao umezaliwa na fumuka, na jibu lililotangulia linatosha. Wengine hutaja mchezaji anayefumua shuti. Kwa kigezo hicho hata mchepuko ungefutwa, kwa kuwa mtaani neno hilo sasa ni hawara, lakini hakuna mgonjwa aliyeondoka wodini akidhani daktari amempa mpenzi wa pembeni. Muktadha hufanya kazi yake. Pingamizi pekee yenye uzito ni kwamba matengenezo machache hufanyika bila kufungua mshono wa zamani. Jibu ni kwamba istilahi hupewa kundi kwa sifa ya wengi wake.

Jina likikaa sawa, maswali ya anayefikiria kupasuliwa tena hujipanga yenyewe. Kinachofumuliwa lazima kijulikane, kwa hiyo ripoti ya upasuaji wa kwanza hutafutwa kabla ya yote, hata kama ilibaki India au Uturuki. Hufuata endoskopi na eksirei ya kunywa beriamu ili kuona umbo la sasa la tumbo, vipimo vya damu vya madini na vitamini, kisha mazungumzo na mtaalamu wa lishe na wa afya ya akili. Sababu lazima itajwe: kasoro ya mwili iliyoonekana kwenye kipimo, au uzito uliorejea bila kasoro yoyote ya mshono. Sababu ikiwa ya pili, ufumuaji si lazima uwe jibu la kwanza. Dawa za sindano kama semaglutide na tirzepatide, zilizoidhinishwa Marekani kwa kupunguza uzito mwaka 2021 na 2023, zimewapa madaktari njia nyingine, na kwa baadhi ya waliowekewa mchepuko kiungio kilicholegea huweza kubanwa kwa endoskopi bila kupasua. Uvutaji sigara na dawa za maumivu zinazochubua tumbo husimamishwa kwanza, maana huchochea vidonda kwenye kiungio.

Kuhusu matumizi, kanuni ni fupi. Nomino ni ufumuaji, au upasuaji wa kufumua pale msomaji anapokutana na neno hili mara ya kwanza. Kitenzi ni kufumua, na kinachofumuliwa ni upasuaji au mshono, kamwe si mgonjwa. Fungu litajwe papo hapo: ufumuaji wa kubadili, wa kutengeneza au wa kurejesha.

Waandishi wa fomu za ridhaa, wahariri wa kurasa za afya na watunga kamusi wana neno tayari lenye umbo kamili na maana isiyoyumba. Walitumie, na marudio yaachiwe mitihani na chaguzi.