Maneno ya Ofisini

Maneno ya ofisini huchekesha na kuudhi kwa pamoja. Historia yake ni ndefu, nasi tutaitazama tukiikumbuka Isongole, wilayani Ileje, kwenye mpaka wa Malawi.

Wadachi walipoitawala nchi hii, kabla ya vita vya 1914, walipeleka amri zao kwa maakida na majumbe kwa Kiswahili, na Waingereza waliowafuata hawakuiacha njia hiyo. Ndipo neno "shauri" liliposhika kiti ofisini. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni kutakana rai. Mzungu wa wilaya aliyesikiliza kesi aliitwa Bwana Shauri, na kesi yenyewe ikaitwa shauri, ijapokuwa mshtakiwa hakuombwa rai yoyote. Watu nao wakalitumia walivyoona: "Shauri yako!" ndiyo kusema, taabu ni yako, usinisumbue.

Nchi ilipokwisha kujitawala, mwezi wa Januari 1967, Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, aliagiza kazi zote za Serikali zifanywe kwa Kiswahili. Na mwaka huo huo likaundwa Baraza la Kiswahili la Taifa. Hiyo ilikuwa heshima kubwa kwa mwananchi. Tazameni Isongole: nyumbani watu husema Kindali au Kilambya, na Kiswahili wamejifunza. Ng'ambo, katika Chitipa, wako ndugu zao wa lugha hizo hizo, lakini lugha rasmi ya Malawi ni Kiingereza. Mkulima wa upande wetu aweza kuisoma barua ya Serikali bila kumtafuta mkalimani.

Lakini je, akiisoma ataielewa? Siku hizi ofisi haina tena matatizo; ina "changamoto". Watu hawapo, wapo "wadau". Jambo lisilofanyika halikuachwa; "liko katika mchakato". Na ukiulizia daraja, waambiwa kwamba "upembuzi yakinifu" unaendelea. Mama zetu wanajua kupembua: hutwaa ungo, hutenga makapi na nafaka, na jioni watu hula. Upembuzi wa ofisini waweza kupita masika mawili na asiione mtu nafaka wala makapi.

Hatusemi kwamba maneno mapya ni mabaya. Lugha isiyozaa hufa, na fundi hana budi kuwa na jina la kila chombo chake. Barabara ya Mpemba hadi Isongole, yapata kilomita 50, haingetiwa lami pasipo wapimaji na hesabu zao. Ubaya ni neno linapotumiwa kuficha jibu. Mtu aliyeomba kiwanja ataka kujua mambo matatu: amepata, amekosa, au arudi lini. Akipewa ukurasa mzima wa mikakati na michakato, atarudi nyumbani asijue kama ajenge au ahame, na msimu wa kufyatua matofali utampita.

Basi, zamani mkulima alifungiwa mlango kwa lugha ya kigeni. Akifungiwa leo kwa Kiswahili chenyewe, atakuwa amenyang'anywa kile alichopewa mwaka 1967. Karani mwema, kabla hajatia sahihi, na aisome barua yake kwa sauti mbele ya mzee wa kijiji. Mzee akiuliza, "Maana yake nini?", barua hiyo haijaandikwa bado.